Je, Mkuu wa Chuo Ashike Jembe?

Yako maneno niliyoyasikia zaidi ya mara moja katika vyuo vyetu vidogo vya Kikristo vya huku nyanda za juu, kutoka Makambako hata Njombe na vijiji vilivyo kando ya njia ile, nayo yasema hivi: mkuu wa chuo akionekana na jembe mkononi, amekivunjia chuo heshima. Mara ya mwisho niliyasikia kinywani mwa mjumbe wa halmashauri ya chuo kimoja, mtu mzima, mwenye elimu na mvi zake, ambaye sitamtaja jina, wala chuo sitakitaja. Bomba la maji lilipasuka mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali, na mkuu wa chuo akashuka bondeni pamoja na fundi na vijana sita, wakachimba mtaro tangu asubuhi hata adhuhuri. Mjumbe yule alipopata habari alisema, "Sisi tulimwajiri msomi, hatukumwajiri kibarua." Waliokuwapo wakacheka, wakaona amenena vema.

Mimi nasema amenena vibaya. Wala sitaki kumjibu kwa kusifu unyenyekevu, kama ilivyo desturi yetu walimu, kwani unyenyekevu twausifu kila Jumapili na mambo hubaki yalivyo. Nataka kumjibu kwa habari ya fedha, na ya haki, na ya nani astahiliye kuamuru. Neno langu ni hili: mkuu asiyeugusa mzigo wa chuo kwa mikono yake hawezi kuupima, na asiyeweza kuupima hawezi kuugawa kwa haki.

Kwanza na tukumbuke chuo kidogo ni kitu gani. Chuo kikubwa cha mjini kina ofisi ya majengo, na ofisi ya ununuzi, na ofisi ya maji, na kila ofisi ina mkubwa wake na mihuri yake. Chuo kidogo kina walimu wachache, mhasibu mmoja, mpishi na msaidizi wake, mlinzi, na gari ambalo hulala kwa fundi siku nyingi kuliko linavyolala chuoni. Kazi zote zisizo na mwenyewe ni za mkuu. Na ada inayokiendesha chuo hiki yatoka wapi? Yatoka katika viazi, na mahindi, na mbao, na siku hizi maparachichi. Mzazi wa Njombe hulima viazi vyake katika udongo wa baridi, na mwaka mwingine sakitu hushuka usiku mmoja ikaunguza majani yote. Akijaliwa kuvuna, huja mwenye lori, naye hataki gunia lililojaa kwa kiasi, ataka lumbesa, gunia lililoongezewa kichwa na kufungwa kwa kamba juu yake kama kilemba. Hivyo mzazi hutoa gunia na ziada kwa bei ya gunia moja. Kinachobaki ndicho kinacholetwa chuoni kwa ajili ya mtoto. Fedha ya namna hii, ndugu zangu, si ya kutiwa mikononi mwa mtu asiyejua mfuko wa saruji hutosha kazi gani.

Hapa ndipo panaponiuma, nami nitakaa hapa kidogo. Watu wengi wadhani ya kuwa fedha za vyuo hupotea kwa hila kubwa, kwa barua za uongo na sahihi za kughushi. Yamkini mahali pengine ni hivyo. Lakini katika vyuo vidogo fedha huvuja tu, kama maji ya bomba bovu, tone kwa tone. Mkuu aketi ofisini, huletewa karatasi: mifuko 40 ya saruji kwa sakafu ya bweni, malori matatu ya mchanga, kuni za jikoni za mwezi mzima. Atia sahihi, kwani hana cha kulinganisha. Hajapata kuchanganya zege hata siku moja, basi hajui sakafu ile yala mifuko mingapi. Hajapata kusimama jikoni saa kumi na moja alfajiri, basi hajui kwamba kuni mbichi za miwati hutoa moshi mwingi na moto haba, zikaisha kabla ya mwezi kwisha na maharage hayajaiva. Aliyemletea karatasi huenda si mwizi hata kidogo siku ya kwanza. Lakini akiona mara tatu kwamba mkubwa hajui, mara ya nne atajaribiwa. Kisha mwisho wa mwaka upungufu huonekana, nayo halmashauri hukaa na kuamua. Huamua nini? Huongeza ada, ama hupunguza mboga.

Sasa mwangalie yule aliyeshuka bondeni. Mwenyewe aliniambia ya kuwa katika saa zile chache alijua mambo ambayo hakuyajua kwa miaka miwili. Alijua kwamba bomba lilizikwa juujuu, kina cha kiganja tu, kwa sababu vibarua walilipwa kwa urefu wa mtaro wala si kwa kina chake, na hapakuwa na mtu wa kutazama. Alijua kwamba fundi alikwisha kuomba bomba nene mara mbili, na barua zake zilikomea mezani kwa mtu. Naye fundi hakuyasema hayo ofisini hata siku moja. Ofisini fundi husimama karibu na mlango, ameshika kofia, husema, "Ndiyo, Mkuu." Mtaroni, wote wawili wakiwa na matope mpaka magotini, husema kweli. Je, habari hizi zingenunuliwa kwa shilingi ngapi, kama angeagizwa mkaguzi kutoka Dar es Salaam?

Najua liko jibu ambalo mjumbe yule angaliweza kulitoa, nalo lina nguvu. Angaliweza kusema: mkuu akichimba mtaro, nani atakayeandika barua za wizara, na nani atakayepanga mitihani? Na fundi naye ana mshahara wake. Mkuu akimnyang'anya kazi amemsaidia nini? Hayo ni kweli, wala sipingani nayo. Wako wakuu ambao huikimbilia kazi ya mikono kwa sababu waogopa kazi ya kichwa. Huonekana bustanini kila siku, jasho likiwatoka, wala hesabu za robo mwaka hazijafungwa, na mwalimu aliyedai malimbikizo yake angali anangoja. Mtu huyo simsifu. Amejificha nyuma ya jembe kama mwingine anavyojificha nyuma ya meza. Mimi sisemi mkuu afanye kila kazi kila siku. Nasema isiwepo kazi hata moja chuoni ambayo hajaifanya hata akaijua, tena isiwepo kazi ambayo watu wake waamini kwamba hataifanya ikilazimu.

Walakini kuna sababu nyingine ya maneno yale, ya zamani zaidi, nayo yataka kuelezwa kwa haki. Msomi wa Kiafrika hakulichukia jembe bure. Mwaka 1924 ilipita katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki ile tume ya Phelps-Stokes, na Dakta Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wao. Tume ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika iambatane na kilimo na kazi za mikono na maisha ya kijijini. Shauri lenyewe lilikuwa na hekima ndani yake, lakini wazee wetu waliona neno lililofichwa: ya kuwa Mzungu atasoma sheria na udaktari, na Mwafrika atasoma kupanda mahindi. Hata hapa jirani, Malangali, shule ya serikali tangu mwaka 1928 chini ya Bwana Mumford ilijaribu kuwalea wavulana katika desturi na mavazi ya kikabila, na wako wazazi na wanafunzi waliouliza kama ndiyo elimu waliyoitaka. Tena katika shule nyingi jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa, kalime. Aliyekosa hesabu, kalime. Mtoto aliyefundishwa miaka minane kwamba jembe ni adhabu, atalipendaje akiwa mkubwa?

Kisha ikaja Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliiandikia mwezi wa Machi 1967. Alitaka shule iwe pia shamba, na walimu na wanafunzi wafanye kazi pamoja kama watu wa nyumba moja. Hilo neno "pamoja" ndilo lililokuwa moyo wa mambo yote, nalo ndilo lililoanguka kwanza. Katika shule nyingi watoto walilima, na mwalimu alisimama kivulini na fimbo. Na sehemu nyingine jambo lilizidi ubaya, nalo nitalisema wazi ingawa litawachoma wenzangu: vijana walipelekwa kulima shamba la mwalimu mkuu mwenyewe, na kubeba kuni za nyumbani kwake, na kumchotea maji mkewe, na yote hayo yakaitwa kazi ya mikono. Huo ni unyang'anyi. Mzazi ameuza viazi vyake kwa lumbesa ili mtoto asome, na mtoto amekuwa kibarua asiye na ujira. Nasikia hata leo jambo hili halijakoma kabisa. Basi, mjumbe akisema kwamba kazi ya mikono chuoni imewaonea watu, nitakubali. Lakini dawa yake si kumwondoa mkuu shambani. Dawa yake ni kumtia ndani yake, awe wa kwanza kuinama, na mazao yaende bwaloni yakapimwe mbele ya watu wote.

Maana Nyerere mwenyewe hakuishia katika maneno. Mwezi wa Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuipinga sheria ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, wakalalamika pia juu ya mishahara minono ya wakubwa. Aliwafukuza, zaidi ya mia tatu. Na watu wengi hukumbuka hayo tu. Lakini katika neno la mishahara alikiri kwamba wamesema kweli, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya wakubwa wengine pia. Waweza kubishana juu ya ile adhabu. Mimi naiona ilikuwa kali. Lakini huwezi kusema kwamba aliwaagiza wengine kufunga mkanda na wake akaulegeza.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya wanasiasa, wala hayafai katika chuo. Basi na tutazame chuo. Mwaka 1881, huko Tuskegee katika nchi ya Alabama, Marekani, kijana mmoja aliyezaliwa utumwani, jina lake Booker T. Washington, alifungua chuo chenye wanafunzi 30. Wengi wao walikwisha kuwa walimu, nao walipoambiwa wafyeke pori ili chuo kipate shamba, waliona ni kazi isiyowapasa watu waliosoma. Washington hakuwahutubia. Alichukua shoka, akaenda nao porini. Nao walipomwona hana haya, wakaingia kazini. Baadaye walitaka kujenga kwa matofali, wala hapakuwa na ajuaye kuyachoma. Tanuru ya kwanza iliharibika, na ya pili, na ya tatu. Fedha zikaisha. Washington akaiweka saa yake rehani kwa dola 15 ili awashe tanuru ya nne, nayo ikaiva. Saa hakuipata tena. Nani katika sisi, tulio katika nchi ya matofali ya kuchoma, asiyejua maana ya tanuru kuharibika? Kweli, msomi mwenziwe W. E. B. Du Bois alimlaumu kwa kalamu kali mwaka 1903, ya kwamba aliridhika na elimu ndogo na kuwanyima watu wake haki za juu. Lawama ile nami naiona ina uzito. Lakini Du Bois hakumlaumu kwa kushika shoka.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani. Huku kwetu wamisionari wa Berlin walijenga Kidugala mwaka 1898. Vita Kuu ya 1914 hata 1918 ikawaondoa Wajerumani, na makanisa na shule za Ubena zikabaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika. Hawakuwa na mshahara wa kutegemea, wala cheo cha kuwatisha watu. Walilima ili wale, wakafundisha, wakazika wafu, wakaezeka upya mapaa yaliyovuja. Watu waliwatii kwa sababu gani? Hapakuwa na ofisi ya kuwatisha. Waliwatii kwa sababu waliwaona. Twawasoma wamisionari katika vitabu, na majina ya walimu wale hatuyajui sana, jambo ambalo ni aibu yetu sisi wenye kalamu.

Na Makambako je? Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kipande cha Mlimba hata Makambako kilikuwa kigumu kuliko vyote, chenye madaraja na mahandaki mengi katika milima. Waliofanya kazi ile wamesimulia jinsi mtaalamu Mchina alivyofundisha kwa kushika chombo mwenyewe, akaonyesha, kisha akampa kijana. Wala sisemi ya kuwa kambini kila jambo lilikuwa jema. Palikuwa na ukali na kunung'unika. Lakini vijana wa Kitanzania walioingia wakiwa hawajui chuma waliondoka mafundi. Wazee wetu walikuwa wamezoea msimamizi wa mashamba ya mkonge, aliyevaa kofia na kunyosha kidole. Walijua tofauti yake mara moja, wala hawakumdharau mtaalamu yule kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi.

Nitamtaja mmoja tu tena, kwa kuwa alikuwa mwalimu. Carey Francis aliacha kufundisha hesabu Cambridge, akaja Maseno mwaka 1928, kisha akaiongoza Alliance High School ya Kikuyu tangu 1940 mpaka 1962. Alikuwa mtu mkali, tena Mwingereza wa enzi zile, na wako wanafunzi wake waliomwona kuwa ameshika mamlaka kwa mkono mzito. Lakini alipostaafu katika shule yenye sifa kuliko zote za Waafrika nchini Kenya, alikwenda Pumwani, Nairobi, akawafundisha watoto wa mtaa wa maskini kama mwalimu wa kawaida, chini ya mkuu mwingine, mpaka alipofariki mwaka 1966. Natamani kuuliza: katika wakuu wetu waliostaafu, ni wangapi ambao wangekubali kupewa kipindi cha hesabu cha kidato cha kwanza?

Wasomaji wa gazeti hili wanaijua habari ya beseni na kitambaa katika Injili ya Yohana, mlango wa 13, nami sitawahubiria. Nitasema tu kwamba twaisoma vibaya. Siku ya Alhamisi Kuu mkuu huosha miguu kumi na miwili iliyokwisha kuoshwa nyumbani kwa sabuni, kisha mwaka mzima haendi kutazama vyoo vya wanafunzi. Nafuu tusome pia Nehemia, ambaye alikuwa liwali wa nchi, na chakula cha liwali kilikuwa haki yake kwa sheria. Hakukila, kwa sababu mzigo ulikuwa mzito juu ya watu, naye na vijana wake waliishika kazi ya ukuta. Angalia kwamba mambo yale mawili yanakwenda pamoja, mkono na sahani. Mkuu anayechimba mtaro asubuhi, na mchana akala kuku nyumbani kwake kwa fedha za chuo huku vijana aliochimba nao wakila maharage yenye wadudu, amewadhihaki tu.

Na hapo naja kwa aina ya mkuu ambayo siku hizi yaniudhi kuliko yule wa mezani. Ni mkuu wa picha. Siku ya kupanda miti huja na viatu vya mpira vipya, hushika jembe, mpiga picha humwambia ainame zaidi, naye huinama; mche mmoja hutiwa katika shimo ambalo wengine walilichimba jana. Picha huenda kwa wafadhili ng'ambo, na habari husema kwamba mkuu wetu ni mtumishi wa watu. Mvua za Machi zikiisha, nenda ukautazame ule mche. Yule wa mezani hatudanganyi angalau. Twajua kwamba haji. Huyu wa picha ameliharibu neno lenyewe, hata leo mtu akisema "uongozi wa utumishi" vijana hutazamana na kucheka. Wana haki ya kucheka.

Basi mimi nataka neno moja litendeke, nalo liko katika uwezo wa halmashauri zetu. Wanapochagua mkuu mpya, huuliza shahada yake, na lugha ya Kiingereza, na kama anafahamiana na wafadhili. Hayo waulize. Lakini wasiishie hapo. Wamtume mtu mahali alipokuwa akifanya kazi, asimwendee askofu wala mwenyekiti, awaendee mpishi, na mlinzi, na fundi wa bomba, awaulize kama jina lake wanalijua, na yeye kama alijua yao. Wamtembeze mwombaji chuoni saa ya asubuhi, kabla ya mahojiano, wampitishe jikoni, na stoo, na nyuma ya mabweni maji machafu yanapotokea, nao wanyamaze, wasikilize anauliza nini. Kisha wampe karatasi ya matumizi ya mwezi mmoja, ile ya kweli, yenye saruji na kuni na unga, wamwambie aisome mbele yao na kuonyesha palipo na kasoro. Na asiyeweza kukisia gunia la mahindi la jikoni humalizika kwa siku ngapi kwa wanafunzi mia na hamsini, aambiwe kwa upole arudi mwaka ujao, na katikati akakae na mpishi.